Mkono wa Pampu Namba Nne

Raesetja Mabotja alizoea kuwaambia wasichana wapya pale kituoni kwamba kazi ya kujaza mafuta si ya mikono, ni ya miguu. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imekanyaga saruji ile, kando ya barabara ya Polokwane, kwa miaka kumi na tisa. Ilibaki mitatu afikie kiinua mgongo. Mitatu, asipopata barua ya tatu.

Barua mbili za onyo alikwisha kuzipokea, zote za petroli kumwagika. Kwa kanuni za kituo, ya tatu humpeleka mtu nyumbani. Na nyumbani alikuwako mama yake, kikongwe asiyeona, aliyemtegemea kwa unga na dawa.

Alhamisi Kuu mahujaji wa Pasaka walianza kupita kwenda kanisani kwao mlimani, wamevaa kaki, beji za nyota vifuani. Raesetja alikuwa kwenye pampu namba nne tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa nane mchana akaingia dereva Lesiba na teksi yake, basi dogo lililosheheni waumini.

"Mama wa namba nne! Leo nijazie mpaka gari litapike."

"Likatapike kwako, siyo hapa. Zima simu hiyo."

"Samahani, mama mkwe."

"Binti yangu hajakosa wanaume kiasi hicho."

Mahujaji wakacheka. Raesetja akatia mkono wa pampu kwenye tangi, akabana kibanio mpaka mwisho. Petroli ikaenda kwa kasi, kisha, ta! ikajikata.

"Imejaa."

"Haijajaa, imeshtuka tu," Lesiba alisema. "Tangi la hii lina tumbo la pili. Wazee, nisaidieni."

Wanaume wawili wakashika ubavu wa gari, wakaanza kulitikisa huku na huku. Madereva wote wa barabara ile hufanya hivyo: gari hutikiswa ili hewa itoke, na mjazaji huongeza mafuta polepole, uzi kwa uzi, povu lisipande. Bwana Seroka, meneja, ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wake subira hiyo. Dereva akiondoka hajaridhika, alikuwa akisema, kesho atajaza kwenye kituo cha ng'ambo ya barabara.

Raesetja akabana kidogo tu. Mahujaji walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, gari likiyumba, na bati la paa la kituo likishusha joto utosini. Aliegemeza paji la uso kwenye mkono wake wa kushoto. Akafumba macho. Alijua pampu itajikata, kama ilivyojikata maelfu ya mara.

Haikujikata. Kilichomzindua ni ubaridi kwenye unyayo na kelele za watu. Petroli ilikuwa inashuka ubavuni mwa gari, imeshafika chini ya magurudumu. Mahujaji walikimbia, wengine wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mchanga ukamwagwa, pampu ikafungwa kwa kamba.

"Mama Raesetja," Bwana Seroka alisema, "mkono huu unajikata wenyewe. Hata kipofu anaweza kuutumia. Umeufanya nini?"

"Haukukata, bwana."

"Haukukata, au ulisinzia?"

Yote mawili yalikuwa kweli.

Fundi aliyeitwa, Sello, alifika kabla ya jua kuchwa. Akaweka dumu chini, akabana kibanio mpaka mwisho. Ta! Akarudia. Ta! Akarudia tena. Bwana Seroka alikwisha kuitoa karatasi ya onyo la tatu.

"Ni mzima," Sello alisema. "Hauna kasoro."

Raesetja alikuwa ameketi kwenye kreti, amevua kiatu kilicholowa. Alichosema kilimtoka kwa uchovu tu.

"Mwanangu, mimina nilivyomimina mimi. Kama unamnywesha mgonjwa uji."

Sello akamtazama, akabana kidogo. Petroli ikachuruzika, ikapanda ndani ya dumu, ikafunika ncha ya mkono wa pampu, ikafika shingoni. Ikamwagikia buti zake.

"Aisee," alisema, akaachia. Akaifuta ncha kwa kitambaa, akawaonyesha tundu dogo, halizidi mbegu ya mtama. "Mafuta yakipita humu kwa kasi yanavuta hewa kupitia hapa. Tangi likijaa, mafuta yanaliziba tundu, hewa inakosekana, na kiwambo cha ndani kinavutwa, kinafyatua kibanio. Lakini yakipita taratibu hayana nguvu ya kuvuta chochote. Hapo msiutegemee mkono huu kukata. Nani aliwafundisha kumimina hivi?"

Wafanyakazi walimgeukia meneja.

"Ni desturi ya barabara hii," Bwana Seroka alisema.

"Ni agizo lako, bwana," Raesetja alisema, kisha akauogopa mdomo wake.

Bwana Seroka hakuichana karatasi, wala hakuomba radhi. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kabla giza halijaingia, kila pampu ilikuwa imebandikwa tangazo: IKIKATA, IMEJAA. HATUONGEZI. Zile barua mbili za mwanzo hakuna aliyezitaja.

Lesiba aliporudi kuchukua kundi jingine alisoma tangazo kwa sauti, neno kwa neno.

"Mama wa namba nne, umetunyang'anya tumbo la pili! Mchoyo kama mke wa kwanza."

"Nenda ng'ambo, ukashibe."

Akaenda kweli, na wenzake watatu nyuma yake. Raesetja aliwatazama wakivuka barabara. Alisubiri furaha imjie, maana kazi ilikuwa imebaki yake. Alichokiona kilikuwa ni miaka mitatu, Pasaka baada ya Pasaka, yote ya kusimama.

Bwana Seroka alipita na funguo zake.

"Kesho tuna upungufu wa watu. Uje saa kumi alfajiri."

"Kumi, bwana? Siyo kumi na moja?"

"Kumi."

"Haya," alisema Raesetja, akakivaa kiatu kilicholowa, kwa kuwa gari lilikuwa limeingia.