Ndege Isiyonung'unika

Baba alikuja ofisini kwetu katikati ya mji saa saba mchana, amevaa kiraia, akiwa na karatasi nne alizoziandika kwa penseli. Wenzangu walikuwa wametoka kula. Nyumbani, karibu na maduka ya Adams Arcade, hatukuwa na kompyuta ya kuzichapa, naye hakumwamini karani wa kambini.

Alikuwa fundi katika ndege za mizigo za jeshi. Angani alikaa kiti cha tatu, nyuma ya marubani wawili, akisoma vipimo vya injini. Sasa wakubwa walitaka kununua ndege mpya, ambayo kompyuta ingefanya kazi hiyo na kiti cha tatu hakingekuwepo. Walimwomba maoni: je, itafaa kwenye viwanja vya vumbi vya kaskazini? Akiisifu, anajiondoa kazini. Akiipinga, watasema anapigania kiti.

Alinisomea kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza. Tulikwenda vizuri mpaka aya ya mwisho. Hapo alisema kwamba ndege ya zamani huendeshwa kwa nyaya za chuma kutoka mkononi mwa rubani hadi mkiani, kwa hiyo hunung'unika kabla ya kugoma.

"Kunung'unika nitaiandikaje, Baba?"

"Andika hivyo hivyo. Kwani mama yako ushawahi kumwona akigoma bila kunung'unika?"

Nilicheka. "Na hiyo mpya?"

"Hiyo ni mgeni mwenye adabu. Ukimuuliza, kila kitu ni sawa tu. Vumbi likiziba kipimo, kompyuta inaamini kipimo. Ile yetu, hata vipimo vyote vikidanganya, mkono unajua."

Niliandika yote. Lakini nilikuwa na miaka mitatu katika kazi ya habari, na nilishazoea kutafuta kila msemaji anafaidika na nini. Swali likanitoka.

"Baba, hii ni maneno ya vumbi ama ya kiti?"

Alinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Futa."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Na wao watauliza tu. Futa hiyo aya yote."

Nilifuta. Ukabaki ukurasa mmoja: ndege mpya inabeba mizigo zaidi, inahitaji watu wachache. Akatia sahihi na kuondoka kabla wenzangu hawajarudi.

Wiki iliyofuata nilimkuta sebuleni bado hajavua viatu.

"Leo wameniuliza kama niko na pingamizi," alisema.

"Ukasemaje?"

"Nikawaambia wasome karatasi."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Baadaye marubani wawili, vijana aliokuwa akiruka nao, walipelekwa ng'ambo kujifunza kurusha ndege mpya. Walipita kwetu kumuaga. Niliwaandalia chai, nikakaa nao, nikawauliza habari za safari. Baba aliwatakia heri. Habari ya vumbi hakuigusa, na mimi, niliyekuwa naijua neno kwa neno, niliwaongezea chai.