Mistari Usoni pa Burgi

Quirin Haslinger, mchapaji wetu, alikuwa na kiburi cha mashine, na simsengenyi, mji mzima ulijua. Kwetu Bavaria mtu hazikwi bila kadi yake: mbele picha, nyuma sala fupi, na kila anayekuja misa anapewa moja aiweke kwenye kitabu chake cha sala. Kadi za wafu wetu karibu zote zilitoka mikononi mwa Quirin, na hakuna hata moja iliyotoka na doa. Watu walimtania hadi kwenye bia.

"Quirin, usinikodolee macho hivyo. Bado nipo sana!"

"Nenepa kwanza," alikuwa akijibu. "Uso wenyewe haujazi karatasi."

Halafu akafa Burgi, binti yake wa pekee. Alikuwa muuguzi huko kaskazini ya mbali, Norwei, na gari lake liliteleza kwenye barafu likaacha barabara. Jamani, habari ile! Mama yake alishatangulia, kwa hiyo Quirin alipokea simu peke yake. Mwili uliletwa nyumbani, misa ikapangwa, na siku moja kabla ya mazishi Quirin akaja kiwandani na koti lake la kazi, akasema kadi ya mwanawe asiiguse mtu.

Picha ya Burgi mtu mzima alikuwa nayo moja tu, ndani ya simu yake. Burgi anacheka, nywele zimemwangukia jicho moja. Aliikuza, akaituma kwenye mashine ya leza inayochoma mabamba ya kuchapia, na bamba likatoka na mistari. Myembamba, iliyopangana kama njia za reki kwenye changarawe, ikikata uso kutoka shavu hadi shavu.

"Shetani wa mashine huyu!" alifoka. "Leo ndiyo siku ya kunifanyia hivi?"

Alisafisha lenzi ya leza. Akachoma bamba jingine: mistari ileile. Akamwaga dawa ya kusafishia mabamba, akatia mpya, akafungua rola zote akazifuta moja moja huku jasho likimtoka. Mistari ileile. Afra, mwanamke aliyefanya naye kazi tangu ujana wao, alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mzee, tuzitoe kwenye printa ya ofisini, yaishe. Nani atatazama mistari kesho?"

"Mimi."

"Basi tafuta picha nyingine. Wenzake wa hospitali hawakosi."

"Sitaki za wenzake. Kwenye hii ananitazama mimi."

Afra akasema polepole, "Igeuze."

Kila mtu wa mabamba anajua maana yake. Unailaza picha ubavu, unachoma tena. Mistari ikibaki palepale ilipokuwa, ubaya ni wa mashine. Ikigeuka pamoja na picha, mashine haina kosa. Quirin mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote jambo hilo, na siku nzima hakulifanya. Afra alidhani msiba umemsahaulisha. Mimi nadhani aliogopa.

Alimlaza Burgi ubavu, akachoma. Mistari iligeuka naye.

"Picha hii uliipigia wapi?" Afra aliuliza.

"Jikoni kwangu."

"We Quirin! Tangu ahamie Norwei, Burgi alikanyaga jikoni kwako lini?"

Hapo ndipo mzee wa watu alipoketi juu ya marobota ya karatasi. Burgi alikuwa akimpigia kila Jumapili kwa video ya kompyuta, na Jumapili moja, binti alipochekeshwa na jambo, Quirin aliinua simu akapiga picha ya kioo cha kompyuta. Mistari ilikuwa ya kioo kile. Kwenye simu ndogo haikuonekana, ikangoja kukuzwa.

"Aliniambia niende," Quirin alisema. "Kila mara. 'Baba, njoo basi, hata siku tatu tu, nikupikie.' Nami namwambia kazi ikipungua, mwanangu. Kazi ikipungua! Kuna siku gani hapa watu waliacha kufa?"

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia wakiwa peke yao. Afra alimshika bega, kisha akaenda kwenye kompyuta yake akajaribu kuifuta ile mistari. Ilifutika. Ikaondoka pamoja na vikunjo vya kucheka pembeni mwa macho, na uso ukabaki laini kama wa sanamu ya dukani.

"Huyo simjui," Quirin alisema. "Nirudishie wangu."

Akachapa zile zenye mistari, zote, akazikata kwa mkono wake.

Asubuhi alisimama mlangoni pa kanisa akizigawa mwenyewe. Watu walipokea, wakatazama, wakainamisha vichwa. Lakini bibi Kreszenz, ambaye mumewe na nduguze wote walichapiwa kadi na Quirin, aliisogeza kadi karibu na miwani, akamwonea huruma.

"Pole, baba. Na mashine nayo ikakuharibikia siku kama hii?"

Quirin angeweza kuitikia tu. Watu wote wangemwelewa.

"Mashine ni nzima, bibi," alisema. "Mimi ndiye sikwenda kumwona."