Sifuri ya Mama Usafi

Mimi nafundisha stadi za mawasiliano, somo ambalo wanafunzi wanaliita "la kulalia", na sijali, walale tu, wataamshwa na maisha. Meza yangu inatazamana na ya Mama Hatua, mwalimu wa aljebra ya mwaka wa kwanza. Ofisi yenyewe ina dirisha moja na pangaboi lisilozunguka, kwa hiyo hakuna linalompata mwenzangu nisilolijua. Nikisema huyu mama amechoka, nasema kwa ushahidi. Ukimkuta jioni amevua viatu, miguu kaipandisha juu ya boksi la karatasi za mitihani, macho kayafumba, utadhani amelala. Halali. Anasahihisha kichwani.

Kila muhula kwake unaanza vilevile. Siku ya kwanza hafundishi, anasoma sheria za somo. Mlango unafungwa kipindi kikianza, uwe mtoto wa nani. Zoezi lililochelewa halipokelewi, hata kama umefiwa na bibi. Hapo huinua macho na kuongeza, "Kuna kijana humu alifiwa na bibi kila wiki ya zoezi. Sijui ukoo gani ule." Mtihani ni kwa kalamu ya wino, penseli hapana. Karatasi ya ziada hakuna. Ukimaliza, acha meza safi. Na ya mwisho ndiyo iliyompa jina: jibu bila hatua ni sifuri, hata likiwa sahihi.

Wanafunzi wanamwona katili. Hata mimi mwaka ule wa kwanza nilimwambia, "Dada, sheria zako zimezidi za jela."

"Mdogo wangu," akanijibu bila kuinua kichwa, "hizi sikuziota. Kila moja ina baba yake."

Na kweli. Baba wa sheria ya wino ni kijana aliyefuta jibu lake la penseli baada ya kurudishiwa karatasi, akaandika lililo sahihi, akaja kudai alama machozi yakimtiririka. Baba wa karatasi ya ziada ni yule aliyekuja nayo ikiwa imeshajazwa nyumbani. Sheria ya meza ilitokana na kelele za msimamizi wa ukumbi, aliyechoka kukuta mioyo na mishale imechorwa kwenye mbao. Na hatua? Hiyo baba zake ni wengi. Mwaka mmoja mstari mzima wa nyuma uliandika iksi ni sawa na saba, wakati swali lenyewe halikuwa hata na iksi. Jamani! Mtu unaibia mpaka unasahau kusoma ulichoulizwa.

Sasa ndani ya hayo yote akaingia Mama Usafi. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa wema tu, maana ni mfanyakazi wa usafi hospitali kubwa, mtu mzima, watoto wake wanakaribia umri wa hao anaosoma nao. Anatoka zamu anakuja moja kwa moja, ananukia dawa ya sakafu, anakaa kiti cha mbele kabisa. Alitaka kusomea uuguzi. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akipiga deki wodini, anaona wagonjwa wanaita na muuguzi ni mmoja, na yeye amesimama na ndoo, haruhusiwi kugusa. "Nataka nikiitwa niitike," alimwambia Mama Hatua siku aliyojiandikisha. Lakini huwezi kuingia uuguzi bila kufaulu aljebra, na chuo kinakupa nafasi tatu, basi. Mama Usafi alikuwa ameshaanguka mara mbili. Hii ya tatu ikimponyoka, ndoo inamsubiri mpaka kustaafu.

Na si kwamba alikuwa mzito. Tatizo lake lilikuwa kufuta. Mazoezi ya nyumbani yanaruhusiwa kwa penseli, basi yeye anapiga hesabu yake yote vizuri, halafu anachukua kifutio na kufuta kila kitu, anabakiza jibu peke yake katikati ya ukurasa, karatasi imekwanguka mpaka unaona upande wa pili.

"Hatua ziko wapi, mama?" Mama Hatua anauliza.

"Nimesafisha, Mwalimu."

"Nani kakwambia usafishe?"

Hapo ndipo tulipolipata. Shule ya msingi alifundishwa na mwalimu aliyekuwa akipita na fimbo kukagua madaftari. Ukikata mstari mmoja, fimbo. Ukionyesha kwamba ulijaribu hivi ikashindikana ukajaribu vile, fimbo. Jibu safi ndilo lililopona. Kukosea ilikuwa kosa, na kosa likionekana ni makosa mawili. Mama wa watu ameondoka shule akiwa na mikono inayofuta yenyewe.

Mama Hatua alimweleza kwa upole, alimweleza kwa ukali, alimweleza kwa kuchora. Wiki inayofuata anaacha mistari miwili, wa tatu kaufuta nusu. "Nimejikaza, Mwalimu," anasema, na kweli unaona amejikaza. Mara mbili alizoanguka ni sifuri za mazoezi zilizomwangusha, na safari hii ya tatu, mazoezi yakiwa na nafuu kidogo, mwenzangu aliniambia, "Nina imani. Mtihani ni wino. Wino hatafuta."

Loo, tungejua.

Siku ya mtihani msimamizi nilikuwa mimi. Nilimwona Mama Usafi kiti cha mbele ameinama sana juu ya meza, mkono umekingwa, nikadhani anaomba Mungu, na nani asingeomba. Dakika za mwisho akatoa kitambaa kwenye pochi, akakilowesha kwa maji ya chupa yake, akaifuta meza pembe kwa pembe mpaka ikang'aa. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu, sio nyie wengine mnaoniachia maganda ya karanga.

Kesho yake Mama Hatua alikuwa anasahihisha. Alikuwa anahesabu saa amalize, likizo imeshaanza, na mpango wake ulikuwa mmoja tu: kulala. Si kusafiri, si kutembelea ndugu. Kulala mpaka kitanda kimchoke. Mara nikasikia kalamu imewekwa mezani.

"Njoo uone," akasema.

Karatasi ya Mama Usafi. Majibu karibu yote sahihi. Hatua hakuna hata moja. Kila jibu limekaa katikati ya nafasi yake, kwa wino, kwa mwandiko mzuri, na weupe mtupu pembeni.

"Kaibia," nikasema, mdomo wangu hauna breki.

"Kwa nani? Alikuwa mbele peke yake, na nyuma yake kuna wajinga kama wale wa saba."

Ndipo nikakumbuka kitambaa. Nikamweleza nilichokiona, kuinama kule, chupa ya maji, meza kung'aa. Tukatazamana. Alikuwa amepiga hesabu zote kwa penseli juu ya ubao wa meza, kwa sababu karatasi ya ziada hakuna, kwa sababu wino haufutiki na yeye hawezi kuacha uchafu, halafu akahamishia majibu kwenye karatasi, halafu akasafisha meza kama sheria inavyosema. Kwenye karatasi yenyewe hakuvunja sheria ila moja tu, ile ya sifuri.

"Mpe alama zake," nikasema. "Mimi ni shahidi."

"Shahidi wa nini? Uliona hatua?"

"Niliona kitambaa."

"Basi tumwekee alama za kitambaa." Akasugua macho. "Wapo wengine hapa wana majibu bila hatua. Nikimpa yeye, wale nitawaambia nini? Sheria ni msumeno, mdogo wangu, na huu nimeunoa mimi mwenyewe."

Akamwita. Mama Usafi akaja na sare yake ya kazini, akasimama mlangoni, kukaa hataki. Kabla hata hajaulizwa akaanza, "Mwalimu, nisamehe. Najua nimeitiwa ile meza. Lakini niliifuta yote, haki ya Mungu, sikuacha hata alama. Kama imebaki, nionyesheni, nimekuja na dawa." Na kweli akafungua pochi, chupa ya dawa ndani.

Mimi nilitazama dirishani. Sikuweza. Mama Hatua akamkalisha kwa nguvu, akamweleza taratibu kwamba meza haina shida, karatasi ndiyo yenye shida, na kwamba kwa sheria ilivyo amepata sifuri.

Hakupiga kelele. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakirudisha ndani ya pochi. "Basi," akasema. "Nilikuwa nimeshawaambia wodini." Kisha akaaga kwa heshima na kuondoka, zamu yake ilikuwa inaanza.

Mama Hatua alivaa viatu. Kwa saa ile, kuvaa viatu ni jambo kubwa. Akaenda kwa mkuu wa idara, nami nikamfuata maana sikuwa na hamu ya kubaki na ile karatasi.

Mkuu wa idara ni mtu wa kuogopa malalamiko kuliko kifo. Alisikiliza, akagonga kalamu. "Sheria uliiandika wewe, Mwalimu."

"Niliiandika mimi."

"Wanafunzi walisomewa?"

"Niliwasomea mimi."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Ruhusa ya kumpa maswali mengine, mbele yangu, nione anavyofanya."

Akafikiri sana. "Ukimfungulia mmoja, unawafungulia wote wenye sifuri ya namna hiyo. Kila mmoja peke yake, maswali mapya, unasahihisha mwenyewe, kabla matokeo hayajatoka. Likizo yako inaanza lini?"

"Imeanza asubuhi."

"Pole," akasema, na nadhani kweli alimwonea huruma, lakini hakusema atasaidia.

Basi wiki ile ambayo mwenzangu angelala, aliketi ofisini akitunga maswali na kuita mtu mmoja mmoja. Nilimchukia kila kijana aliyepita pale mlangoni, sitaki kusema uongo. Mmoja alikaa, akasoma swali la kwanza, akaweka kalamu chini. "Mwalimu, nisikupotezee muda. Nilitazama kwa mwenzangu." Mwingine alijikuna kichwa mpaka nikaogopa atatoka damu. Mmoja, mpole, kumbe anajua kabisa, ila alikuwa mvivu wa kuandika. Mama Hatua alipandisha miguu juu ya boksi, akaishusha, akaipandisha tena. Vifundo vimevimba. "Dada, kapumzike," nikamwambia. "Nitapumzika kaburini," akasema, na hakuwa anatania sana.

Mama Usafi alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya zamu zake. Alipewa karatasi na kalamu ya wino, na mezani hakuna kingine, hata kitambaa aliambiwa akiweke sakafuni. Akaandika mstari mmoja. Akasimamisha mkono. Mwalimu akimtazama, mkono hauendi.

Mama Hatua akageuza kiti chake, akampa mgongo, akatazama ukuta. "Mimi sipo," akasema. "Ukikosea, kata mstari mmoja, endelea. Usijali sura ya karatasi."

Tukakaa hivyo muda mrefu, yeye anatazama ukuta na mimi najifanya nasoma. Nasikia kalamu inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Kuna wakati nilisikia amekata mstari, kisha akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyesubiri kuchapwa. Hakuna aliyemchapa. Akaendelea.

Alipomaliza, Mama Hatua alisahihisha pale pale mbele yake. Nilisogea nyuma yake, adabu niliiweka pembeni. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri nusu, vibaya nusu. Hesabu nikaifanya kichwani: kila kitu kimeangukia swali la mwisho, mlinganyo wenye mabano mawili. Na jibu lilipaswa kuwa kumi na moja. Mama Usafi aliandika thelathini na moja, akalizungushia duara.

Na yeye alituona nyuso zetu.

"Sio lenyewe," akasema.

"Sio lenyewe," Mama Hatua akajibu, lakini kalamu yake haikuandika sifuri. Ilikuwa inashuka mstari kwa mstari. "Hapa umefungua mabano ya kwanza, sawa. Hapa umefungua ya pili. Kutoa imekutana na kutoa mwenzake, ilipaswa kuwa kujumlisha, wewe umeiacha kutoa. Umepotelea hapo. Lakini tazama, kutoka hapo kwenda chini hukukosea tena. Umekusanya vizuri, umehamisha vizuri." Akaweka alama pembeni ya mstari, akaweka nyingine chini yake. Lile jibu lenyewe akalipiga mkasi. Kisha akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akamgeuzia karatasi.

Alikuwa amevuka. Kwa alama moja, lakini amevuka.

Mama Usafi aliitazama ile karatasi yenye mikato na madoa ya wino, chafu kuliko zote alizowahi kumpa mwalimu. "Yaani nimekosea," akasema polepole, "na nimefaulu?"

"Umekosea na umefaulu."

"Sikufuta, na hamkunipiga."

"Hakuna wa kukupiga hapa, mama."

Akaanza kulia, mtu mzima, kwa sauti, hata wanaopita koridoni wakasimama. "Miaka yote hii," akasema, "mbona hakuna aliyeniambia?"

Mama Hatua alikuwa amemwambia kila wiki kwa mihula mitatu. Safari hii hakubishana. Alivuta kiti chake, akakaa karibu naye, akamwacha alie.