Bomba Juu ya Spana

Kosa langu la kwanza katika ufundi, mdogo wangu, lilikuwa kukaza nati kupita kiasi. Nalikumbuka kuliko kazi zote nilizozifanya vizuri.

Sikusomea ufundi. Nilijifunza mtaani kwetu Kibaoni, kwa kufungua pawatila mbovu, vile vitrekta vya kulimia vinavyoongozwa kwa mikono, na kutazama video kwenye simu, na kwa kuwa sina cheti niliogopa kila kitu. Nati moja nilirudi kuikagua mara tatu, mara nne. Kisha nikajifunza kwamba nguvu ya kuzungusha hutokana na vitu viwili: nguvu unayovuta nayo, na umbali wa mkono wako kutoka katikati ya nati. Mpini ukirefuka mara mbili, mvuto uleule huzungusha kwa nguvu maradufu. Nikafurahi mno. Nikatafuta kipande cha bomba cha kuvisha mpini wa spana.

Siku hiyo nilikuwa Michenga, shambani kwa Bibi Matilda, nikiifungia pawatila yake magurudumu ya chuma ya kuingilia topeni. Mbegu yake yote ya mpunga alikuwa ameshailoweka, inachipua ndani ya gunia. Mbegu ya hivyo haisubiri. Isipomwagwa leo au kesho, inaoza, na nyingine hakuwa nayo.

Nati zilishika vizuri. Moyo wangu ndio haukushika. Nikavisha bomba, nikavuta tena. Tak! Bolti ikakatika, kipande kikabaki ndani ya tundu lake.

"Fundi, nini hicho?" Bibi akauliza.

"Kitu kidogo tu, bibi."

Nilidanganya. Nikachukua patasi, nikagonga katikati ya kile kipande, nikagonga, jasho likinitoka. Hakikusogea.

Shamba la pili Mzee Masanja alikuwa analima kwa maksai. Akawasimamisha, akaja. "Ng'ombe wangu hawana nati," akasema akicheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa ukigonga katikati kitazunguka na nini? Peleka patasi ukingoni, ukisukume kwa ubavu."

Niliona aibu. Umbali ule niliousoma kwenye simu, katikati haupo kabisa. Nikasogeza patasi ukingoni, nikaanza kugonga kwa kasi.

"Taratibu! Kwani unaua nyoka?"

Nikapunguza. Kipande kikageuka kidogo, kisha kikatoka kwa vidole.

"Nilikuwa nakuona, mwanangu," akasema, sasa bila kucheka. "Nati ilishika mara ya kwanza. Hizo nyingine ulikuwa unajikaza mwenyewe."

Nikamwendea Bibi. "Bibi, bolti niliikata mimi."

"Kwani bolti hujikata? Funga nyingine uwashe, mbegu inaanza kunuka."

Nilikuwa na bolti ya akiba. Jioni mbegu ilikuwa shambani.

Mdogo wangu, mpini mrefu ni wa kufungulia kilichoshikwa na kutu. Unapofunga, tumia spana kama ilivyo, maana ukirefusha mpini chuma huelemewa kabla mkono haujahisi. Nati ikishika, toa mkono. Ukivunja, sema mapema, mwenye shamba ajue la kufanya. Mungu akupe mikono inayosikia, na akupunguzie wasiwasi huu unaonisumbua mimi.

Bado ninao. Lakini sasa nakaza mara moja, nakagua mara moja, na nikiharibu kitu cha mtu namwambia palepale.