Mwenye Paka Ndiye Amshike

Pale Biryogo, Bi Zubeda na jirani yake Donatila walikuwa wakigombea paka mmoja, maana alikula kwa huyu na kulala kwa yule. Siku daktari wa mifugo alipoleta chanjo ya kichaa cha mbwa, akauliza mwenye paka ni nani.

"Mimi," akawahi Bi Zubeda.

"Basi mshike mwenyewe, mukecuru," akasema Donatila, akimwita bibi kizee huku akicheka chini chini.

Bi Zubeda akamshika. Sindano ikaingia, kucha nazo zikazama mkononi mwake. Paka akamtazama kama adui yake wa siku nyingi, akaenda kujilaza mapajani mwa Donatila.

Bi Zubeda akaufunga mkono kwa ncha ya kanga.

"Daktari, chanjo hii hurudiwa?"

"Kila mwaka, mama."

"Vyema. Mwakani ukija, mwenye paka ni yule pale."