Fundi Aliyesoma Mkataba Mpaka Mwisho

Pale maktaba walimwita Fundi, na jina lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata mama yake mzazi, akipiga simu ya ofisini, aliomba kuzungumza na Fundi. Kazi yake ilikuwa kufufua kompyuta zilizochoka. Ofisi za mjini zikishanunua mpya, zilileta za zamani maktaba kama watu wanaotoa sadaka, nyingine zikiwa zimejaa vumbi, nyingine na mende waliokauka ndani ya feni. Fundi alipiga magoti chini ya meza, akafungua, akapuliza, akafuta kila kilichokuwamo na kuweka Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa, kuufungua aone ulivyotengenezwa, na kuubadilisha apendavyo. Wanafunzi waliokuja kusoma pale hawakujua tofauti. Kwao kompyuta ilikuwa kompyuta. Aliyejua ni yeye na magoti yake.

Wengi walidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili. Zamani, kabla ya maktaba, alitunza kompyuta za hospitali moja. Taarifa za wagonjwa zilikaa ndani ya programu iliyofungwa, ya kampuni ndogo ambayo siku moja ilifunga milango, wenyewe wakatoweka. Leseni ilipokwisha muda, programu ikagoma kufunguka. Taarifa zilikuwepo, ndani ya mashine ile ile, juu ya meza ile ile, na hakuna aliyeweza kuzisoma. Wajawazito walikaa kwenye benchi wakiulizwa upya damu zao ni za kundi gani, na wengine hawakujua. Fundi alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani, akiulizwa na kila anayepita, "Si wewe ndiye fundi?" Alipoondoka pale alikula kiapo: kitu ambacho haruhusiwi kukifungua hakitaingia nyumbani kwake. Na kwa miaka yote hakikuingia. Hata simu yake ilikuwa ya vitufe.

Kisha mdogo wake akaletwa.

Huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na wenzake walimwita Gia Kubwa kwa sababu hakujua kwenda polepole. Lori lilimpindukia kwenye mteremko, na alipotoka hospitali miguu yake haikuwa yake tena. Mkewe alimuuguza kwa muda, akachoka, akarudi kwao. Kwa mama kulikuwa na ngazi. Kwa Fundi hakukuwa na ngazi, wala mume tena, wala mtoto, kwa hiyo ukoo mzima ukakubaliana haraka haraka, bila hata kumuuliza vizuri, kwamba kwa Fundi ndiko kunafaa.

Alibomoa kizingiti cha mlango wa choo ili kiti cha magurudumu kipite. Asubuhi alimwinua mdogo wake kitandani, akamwogesha, akamvalisha, akamwachia chai kwenye chupa, akaenda kuinama chini ya meza za maktaba. Jioni alirudi kumwinua tena. Gia Kubwa alikuwa mtu wa mifupa mikubwa. Kuna siku Fundi alivua viatu mlangoni akasimama tu pale, kiganja ukutani, akijikusanya kabla ya kusema, "Nimerudi."

Mchana kutwa Gia alitazama dirishani, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Fundi akampa kompyuta, yenye Linux kama nyingine zote. Akatazama filamu mpaka zikamchosha. Akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Halafu siku moja akaja kumtembelea dereva mwenzake, mmoja aliyeitwa Mrefu ingawa alikuwa mfupi, akakaa kwenye kochi na kuanza kusimulia.

"Siku hizi tukisubiri kupakiwa mizigo hatulali," alisema. "Tunacheza mchezo wa malori, kila mtu na kompyuta yake. Tunatoka msafara, malori kumi, tunaongea kwenye spika. Tuna mteremko mmoja huko ndani, Gia, ungetukimbia wote."

Fundi, aliyekuwa akitenga chakula, aliona mkono wa kushoto wa Gia ukisogea pajani, taratibu, kama mtu anayetafuta gia.

Alijaribu, hakuna anayeweza kusema hakujaribu. Mchezo ule ulitengenezwa kwa ajili ya ule mfumo mwingine, unaouzwa pamoja na kompyuta nyingi madukani, lakini zipo njia za kuihadaa programu ijione iko kwao. Fundi akaihadaa. Mrefu alileta usukani wa plastiki, na kwa kuwa Gia hakuweza kukanyaga mafuta, Fundi aliandika kiprogramu cha kuhamishia mafuta na breki kwenye vidole. Lori likanguruma. Gia akacheka kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia. Ila alipotaka kuingia barabarani na wenzake, mlinzi wa mchezo, kile kiprogramu cha kuzuia wadanganyifu, kilipekua mashine, kikaona mfumo kisioutambua, kikamtupa nje.

Kila mwisho wa juma Fundi alikaa na mashine ile. Akabadilisha hiki, akasasisha kile, akauliza kwenye majukwaa ya watu wa programu huria. Akawaandikia wenye mchezo, wakamjibu kwa adabu kwamba hawana mpango huo. Kila alichojaribu aliambulia patupu.

"Lakini lori linakwenda," alimwambia mdogo wake. "Barabara si hiyo hapo? Endesha peke yako."

"Peke yangu niko kutwa nzima, Dada."

Mrefu aliposikia alikuja na flashi mfukoni. "Huu hapa ule mfumo mwingine, bure kabisa. Kila mtu anatumia huu."

"Wa wizi?"

"Aa, Dada nawe, wizi gani? Mwenyewe hata hajui kama ameibiwa."

"Mimi nimeukataa mfumo wao kwa sababu ya haki. Sasa nikiuiba, hiyo haki nitasema nimeiacha wapi?"

Mrefu alikuna kichwa, akairudisha flashi mfukoni. Lakini madereva si watu wa kukubali njia imefungwa. Hazikupita wiki nyingi akarudi na boksi. Walikuwa wamechanga. Ndani kulikuwa na kompyuta nzuri, imetumika kidogo, mfumo wake umo ndani kihalali, na risiti juu.

"Nyumba ni ya Dada," Mrefu alisema, macho chini. "Sisi tumeleta tu."

Boksi likakaa sebuleni, karibu na mlango. Fundi alilipita akitoka, akalipita akirudi. Gia hakuligusa wala hakulitaja, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko kumwinua. Mama akapiga simu.

"Nasikia umekataa mtoto asicheze."

"Mtoto gani, Mama? Ana mvi."

"Hicho kiapo chako, ulimwapia nani?"

"Niliapa mwenyewe. Mama, hili la kompyuta hulielewi."

"Kompyuta sizielewi," mama alisema. "Nyinyi wawili ndio nawaelewa."

Jioni moja, Fundi alipokuwa amemaliza kumpaka mdogo wake mafuta ya mgongo ili asipate vidonda, Gia akasema bila kugeuka, "Dada, mimi siombi uache dini yako. Naomba barabara."

Hapo Fundi akapasuka. Sauti yake haikupanda sana, hakuwa na nguvu ya kuipandisha.

"Asubuhi nakubeba, jioni nakubeba. Kazini naambiwa leo hivi, kesho vile. Mwenye nyumba akiamka vibaya anapandisha kodi. Mume aliondoka siku aliyotaka yeye. Wewe uliletwa, nikaambiwa umeletwa. Kwenye kompyuta tu ndiko ninakosema hapana na ikabaki hapana. Sasa na hiyo mnaitaka?"

Uso wa Gia ulikuwa kwenye mto, maneno yakatoka yamebanwa.

"Tangu siku ya lile lori, mimi sijaulizwa kitu. Nikilala, nikiamka, nikienda chooni, saa umepanga wewe. Si kwa ubaya, najua. Lakini sikumbuki mara ya mwisho nimesema ndiyo au hapana na mtu akasubiri jibu."

Fundi alifunika chupa ya mafuta. Akaenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alitaka kulia, ikashindikana. Alitaka kukasirika tena, hasira ikawa imekwisha. Kilichobaki ni uchovu tu, na ndani ya uchovu huo mambo mawili ambayo hayakukubali kupatana: kwamba yeye alikuwa sahihi, na kwamba mdogo wake alikuwa sahihi.

Jumamosi asubuhi alivuta kisu, akafungua boksi.

Mashine ilipowaka, kabla ya kitu kingine chochote, ilimletea mkataba. Watu wote duniani huuteremsha mpaka chini na kubonyeza. Fundi akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Dada," Gia alisema baada ya muda, "hayo hakuna anayeyasoma."

"Mimi nayasoma."

"Yote?"

"Kama naweka saini, nijue ninachokubali."

Alisoma kifungu kwa kifungu. Hutaufungua mfumo huu. Hutaubadilisha. Taarifa kadhaa zitakusanywa. Mara nyingine aliguna, mara nyingine alirudia sentensi kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma hukumu ya ndugu yake. Chai ikapoa. Gia alisinzia kwenye kiti, akaamka, akakuta bado. Alipofika mwisho Fundi alivua miwani, akafuta vioo kwa upindo wa gauni, akasema, "Haya. Nimeelewa, na sikubaliani." Kisha akabonyeza neno Nakubali.

Kazi haikuishia hapo. Aliitenga mashine ile kwenye mtandao wake peke yake, isichungulie nyingine za nyumbani. Akaiziba kamera kwa kipande cha plasta. Kile kiprogramu chake cha vidole hakikufanya kazi huku, ikabidi atafute njia nyingine, na jua lilikuwa limehama dirishani alipomaliza. Gia akashika usukani. Mlinzi wa mchezo akapekua, akaridhika, akafungua.

Spika zikajaa sauti za wanaume.

"Nani huyo ameingia? Hilo lori la nani?"

"Oya! Ni Gia! Wallahi ni Gia Kubwa!"

"Panga foleni nyuma, mzee, hapa hatukimbizani!"

Gia alipiga honi. Akapiga tena. Wenzake wote wakapiga za kwao, na kwa muda chumba kile kidogo kilikuwa na kelele za yadi nzima ya malori. Fundi alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake. Aliona mabega yake yakitikisika, akageukia dirishani kumpa nafasi.

Maisha hayakunyooka kwa sababu hiyo. Gia alichangamka, na alipochangamka akawa msumbufu: chakula kilipoa pembeni yake, matusi ya barabarani yalisikika mpaka kwa jirani. Siku ambazo wenzake walikuwa safari za kweli alirudia dirisha lake, na Fundi alijua hata bila kuuliza. Kuna siku mashine ilianza kujisasisha yenyewe katikati ya msafara. Gia alilaani weee, kisha akamtazama dada yake kwa jicho la pembeni, akisubiri aambiwe, "Si nilisema?" Fundi aliendelea kukunja nguo. Tabasamu alilificha kwenye nguo.

Maktabani, mhudumu wa mapokezi alimtania. "Nasikia kwako kumeingia mgeni."

"Ameingia," Fundi alijibu, akapiga magoti chini ya meza, akafuta diski nyingine na kuweka Linux. Hakujiona ameshindwa. Hakujiona ameshinda pia. Kiapo chake kilikuwa bado kizima kila mahali isipokuwa kwenye kona moja ya sebule, na kona hiyo aliipita kila siku akibeba ndoo, nguo, dawa. Mara nyingine ilimchoma. Mara nyingine alikuwa amechoka mno hata kuchomwa.

Jumapili moja mchana, kazi za nyumba zilipokwisha, Gia akamwita. "Dada, njoo ukae hapa. Lori lina kiti cha abiria."

"Mimi nitafanya nini humo?"

"Hufanyi kitu. Ndiyo maana nakuita."

Akaleta kiti, akakaa kando yake. Kwenye skrini msafara ulikuwa ukipanda milima ya kijani isiyo ya nchi yoyote. Mvua ya mchezo ilianza, na vifuta kioo vikawa vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi. Gia alimwonyesha kona, akamwonyesha mto, akamweleza kwa nini hapa huwezi kutegemea breki peke yake. Aliendesha kwa vidole, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Fundi aliitikia mara mbili tatu. Kisha kichwa chake kikainama, kikalalia bega la mdogo wake.

Alipofumbua macho, mvua ilikuwa imekatika. Lori lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara, injini ikinguruma chinichini, na spika zilikuwa zimezimwa.

"Vipi, imeharibika?" aliuliza, akijifuta mdomo.

"Haijaharibika. Ulikuwa umelala, nikasimama."

"Na wenzako?"

"Wametangulia."

Fundi aliitazama ile barabara tupu. Alitaka kuinuka akabandike chakula, akarudisha kichwa kwenye bega la Gia.

"Basi twende," alisema, akafumba macho tena.