Sauti Niliyomuibia Shemeji

Mi nimezeeka, meno yamebaki upande mmoja, magoti yanalia nikiinuka, lakini mwaka ule wivu wangu ulikuwa kijana wa kuoa. Naisema wazi, maana mtu niliyemuonea wivu iko hai hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na nikipindisha maneno atanikosoa mbele ya watu.

Ni fundi wa nguo, alioa dada yangu mdogo, kwa hiyo ni shemeji. Shemeji unamtukana asubuhi, mchana mnachovya ugali katika sahani moja. Ana sauti, baba! Akiita mtu sokoni hapa, watu wa Mboko, mji wa mbali, wanaitika. Mimi nina hadithi. Kwenye harusi na matanga, ni mimi wananiita nisimulie. Shule niliacha mwaka wa tatu, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akitupeleka kumlimia mihogo, na kulima nilikuwa nakujua tayari. Lakini kwa kusema hakuna aliyenishinda. Basi niliposikia parokia inatafuta watu wa kucheza mchezo wa mfalme, nilijua mfalme nimepatikana.

Aliyeuleta ni mwalimu kijana wa sekondari. Ulikuwa mchezo wa zamani sana, wa aina wanayoita tragedi, akaugeuza katika Swahili yetu.

"Tragedi ni ya kulia," alituambia. "Watu wakirudi nyumbani na macho makavu, tumeshindwa."

Mchezo wenyewe ni huu. Mfalme ana rafiki anayemletea pombe. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Hata mama mkwe anaonja. Sasa kuna mtumishi mwenye wivu. Anamwendea yule rafiki: "Mfalme amechoka na kuonja kwako, anaona unammalizia pombe." Halafu anakimbia kwa mfalme: "Leo muangalie, hataonja." Rafiki, kwa heshima, anatoa kibuyu bila kuonja. Mfalme anashika mkuki. Rafiki anakufa bure, mfalme anabaki kulia juu ya maiti. Niliupenda uongo ule. Unasema kidogo huku, kidogo kule, na heshima ya watu inamaliza kazi.

Ufalme alipewa shemeji. Mimi nikapewa mwenye wivu.

"Mzee, we uko na sura yake," mwalimu alisema, watu wakacheka. Na mi nilicheka, kwa yale meno ya upande mmoja.

Sikungoja siku nyingi. Tukitoka mazoezini nikamwambia shemeji, "Mwalimu anaona haya kukuambia. Sauti yako inamuumiza kichwa. Anasema mfalme wa kweli anaongea chini-chini."

"Yee alisema hivyo?"

"Alisema. Lakini usimuulize, utamuaibisha. Ni mutoto ya watu."

Kesho yake nikamfuata mwalimu. "Shemeji amechoka na mchezo, cherehani inamuita. Utamsikia leo, ataongea kama muntu anasinzia."

Na kweli akaongea hivyo. Mwezi mzima watu hawa wawili walikuwa wanaurudia mtego uleule wa mchezo kila jioni, mstari kwa mstari, na wakaingia ndani yake na miguu yote. Mwalimu akaniita pembeni: "Mzee, jifunze maneno ya mfalme. Jumapili tunacheza vipande viwili. Akinong'ona katika cha kwanza, cha pili utavaa joho wewe." Joho lile shemeji alilishona mwenyewe, kwa kitambaa chekundu cha pazia, na shingoni alilizungushia vifungo visivyofunga kitu.

Jumamosi shemeji akaja kwangu.

"Shemeji, mama anakuja kesho na boti kutoka Ubwari. Hajawahi kuniona nikicheza. Sikio moja lilikufa, na lile lingine linasinzia. Nikiongea chini-chini atarudi kwao bila kunisikia. Uniombee kwa mwalimu, nipige sauti hata mara moja tu."

"Nitamuomba," nikasema.

Sikumuomba. Nilikula, nikalala vizuri kabisa, na ni huo usingizi unaonitisha mpaka leo.

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa. Bamama wauza samaki walishika benchi za mbele, batoto walining'inia madirishani. Mama yake alifika na kikapu cha samaki wa mikebuka, pindo la kitenge bado lina maji ya ziwa, wakampisha mbele kabisa. Mfalme akaingia, akafungua kinywa. Yakatoka maneno ya kunong'ona.

"Sauti! Sauti!" dirishani.

"Mufalme alikula nini?" mama mmoja akauliza. "Mumupe maji!"

Mama yake akasimama. "Mutoto yangu, iko mugonjwa? Nani alikufunga koo?"

Ukumbi ukacheka. Shemeji akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa tumaini tu, kama anauliza: umeniombea? Mlangoni mwalimu alikuwa ameinua vidole viwili: kipande cha pili ni chako.

Hapo ndipo katika mchezo nilipaswa kumnong'oneza, "Leo muangalie, hataonja." Nikasogea kwenye sikio lake, na maneno yakakataa kutoka.

"Shemeji, mwalimu hakusema kitu. Ni mi nilitunga. Nilitaka joho."

"Unasema?"

"Nilikudanganya."

"ULINIDANGANYA?"

Vumbi lilianguka kutoka kwenye mabati. Mama yake akapiga makofi: "Ni yee sasa! Ni mutoto yangu!" Watu walifikiri ndiyo tragedi imeanza, wakapiga vigelegele. Shemeji akashika mkuki wake wa mti, akanifukuza mizunguko miwili jukwaani, nikaruka chini kwa bamama, na mmoja akanikamata shati: "Mufalme, muongo huyu hapa!" Yule rafiki aliyetakiwa kufa alisimama na kibuyu, hajui kama afe au asife. Mwishowe akakinywa chote. Mwalimu alishika kichwa: "Tragedi yangu! Tragedi yangu!" Machozi yalitoka, lakini ya kicheko.

Nje, yule mama alinishika mkono. "We unajua kudanganya, baba. Nani alikufundisha?"

"Hakufundishwa, mama," shemeji akajibu, na mtaa mzima ukasikia. "Alizaliwa nayo!" Halafu akainama kwangu. "Na kesho utaenda kwa mwalimu, umuambie yote kwa mudomo yako."

Nilikwenda. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama naweza kukiri vilevile katika kijiji cha Lubondja, maana watu wa kule wametuita, na wanataka mchezo ule wenye kufukuzana. Tangu hapo nimekiri mbele ya vijiji vingi. Shemeji ananguruma, ananifukuza, na kila mara ule mkuki wa mti unagonga mgongo wangu kuzidi kidogo mchezo unavyotaka. Sijawahi kulalamika.